Mteremko wa Golini

Breki ilizama hadi sakafuni na haikurudi.

Swabir aliikanyaga tena, mara ya pili, mara ya tatu. Ilikuwa kama kukanyaga maji. Mbele yake barabara ya kutoka mji wa Kwale iliinama kuelekea Golini, kona baada ya kona, na lori lilikuwa limeanza kujipeleka lenyewe.

"Mzee Garama," alisema. "Breki hakuna."

Mzee Garama, aliyeketi kando yake, aliinamisha kichwa, akasikiliza injini.

Swabir alikuwa fundi wa majokofu katika hoteli za Diani. Lori hilo la mwaka 1968, la pua ndefu, alilikuta Msambweni limegeuzwa banda la kuku, na kwa miaka minne likizo zake zote ziliishia chini yake. Leo ndiyo mara ya kwanza kulipandisha Kwale. Nyuma, juu ya mabenchi ya mbao, walikaa watu tisa wa kikundi chao cha wapenzi wa malori ya zamani. Walikuwa wakikutana Waa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuonyeshana picha, kubadilishana vipuri na kukumbushana enzi za Bedford na Leyland.

Wote walimwita Garama "Dereva". Alikuwa na miaka sabini na sita, na kwa kumbukumbu hakuna aliyemfikia. Aliwasimulia usiku wa kulala juu ya magunia ya korosho, turubai lililolowa hadi watu wanne wakashindwa kulikunja, siku tatu za kukwama matopeni Lunga Lunga. Lori likipita barabarani, alifumba macho na kutaja gia iliyomo. Asubuhi hiyo Swabir alimkabidhi funguo kwa mikono miwili, aliongoze yeye lori kwa heshima ya kikundi. Mzee alizirudisha.

"Magoti, mwanangu. Endesha wewe."

Mshale wa spidi ulipita sitini.

Swabir alivuta breki ya mkono. Harufu ya kuungua ilijaa ndani, kisha mkono wa breki ukalegea kabisa. Nyuma, Kadzo, muuguzi mwenye picha nyingi za malori kuliko wote kikundini, aligonga paa.

"Swabir! Punguza mwendo, ndugu yangu!"

Wengine walikuwa bado wanacheka.

Swabir aliutazama mlango. Kando ya barabara majani yalikuwa marefu, mtu angeweza kuangukia pale akainuka. Chini, mwisho wa mteremko, kulikuwa na stendi ya bodaboda na akina mama wauza machungwa. Hakuamua, mkono wake ndio ulioamua. Kitasa kilishuka, mlango ukafunguka, upepo ukaingia.

Mzee alimkamata kola kwa nguvu ambazo Swabir hakujua anazo.

"Usiruke! Wanisikia? Kuna watu tisa nyuma. Usiruke!"

Swabir aliuvuta mlango, ukajifunga.

"Uko gia gani?"

"Nne."

"Tutashuka tatu, kisha mbili. Fuata sauti yangu. Klachi. Toa gia. Achia klachi. Kanyaga mafuta."

"Mafuta? Mzee, tunakimbia!"

"Kanyaga! Iache injini ilie. Klachi tena. Tia tatu, sasa!"

Gia ilisaga, ikakataa, ikaingia. Lori zima lilitikisika, injini ikanguruma. Nyuma vicheko vilikoma.

Kona ilifika. Waliichukua kwa upana wote wa barabara. Gari dogo lililokuwa likipanda lilijitupa kando, honi ikilia hadi ikapotea nyuma yao. Mtu alikuwa akipiga shahada kwa sauti kubwa.

"Sasa mbili," alisema Mzee. Alikuwa amefumba macho. "Usiharakishe. Ngoja. Ngoja... Sasa!"

Iliingia. Arubaini. Thelathini na tano. Haikutosha. Machungwa yalikwisha kuonekana, yamepangwa mafungu mafungu, na mwanamke mmoja alikuwa amesimama akiwatazama bila kuelewa.

"Kushoto, shamba la mihogo," alisema Mzee. "Usikate ghafla, litapinduka. Lipe kidogo, kidogo."

Lori liliacha lami, likaruka mtaro, likaingia shambani. Magurudumu yalipiga tuta la kwanza, la pili, la tano. Mihogo ilivunjika chini yao kama kuni kavu. Kisha pua ikazama kwenye udongo na injini ikazima.

Halafu Kadzo akafungua mlango, damu zikimchuruzika kwenye kiwiko.

"Luqman amevunjika mkono. Wengine wazima. Wote wazima." Aliushika mkono wa Mzee, akaubusu. "Dereva, umetuokoa."

Akarudi kwa majeruhi wake. Swabir alibaki ameinamia usukani.

"Nilitaka kuruka, Mzee. Nilikuwa nimeshafungua mlango."

"Niliona."

"Ningewaacha. Ningekuacha na wewe."

"Ulirudi."

"Nani alikufundisha hayo? Mimi mwenyewe lori hili nimelifungua nati kwa nati, na sikujua la kufanya."

Mzee Garama alitazama nje, juu kule walikotoka.

"Hakunifundisha mtu. Mwaka wa themanini na moja, mteremko huu huu, breki zilikatika, dereva akaruka. Sikuwa nimewahi kushika usukani kabla ya siku ile, na sijaushika tena. Mimi nilikuwa tanboi, utingo wake."