Nywele za Upande Mmoja

Katibu wa kijiji cha Kigwa alikuwa akisoma wasifu wa marehemu Damas: askari wa vita vya Burma, mguu uliopigwa risasi, medali mbili. Mjane alimsikia kama mtu anayeongea ng'ambo ya reli. Tangu mumewe afariki Jumamosi hakuwa ametoa chozi.

Alikuwa akitazama kichwa cha binti yao. Upande wa kulia ulisukwa mistari minne, myembamba na iliyonyooka. Upande wa kushoto nywele zilisimama timutimu.

Wengine walipokwenda kulima shamba la ujamaa, Damas alibaki nyumbani na mguu wake, akisuka watoto. Wanawake walimcheka, kisha wakaanza kumletea mabinti zao. Jumamosi hiyo mstari wa tano hakuumaliza.

Dada wa marehemu alikuja na wembe na bakuli la maji.

"Wifi, nipe mtoto nimnyoe."

"Huyu mwache."

"Ni desturi ya msiba, wifi."

"Naijua."

Mjane alivua kitambaa chake, akamfunga mtoto kichwani, akakaza fundo. Kisha akapiga magoti mbele ya bakuli, akainamisha kichwa.

"Ninyoe mimi," alisema. "Ninyoe mara mbili."