Mvuke wa Chai

Tausi aliuvuta ubao wa dari, ukamegekea mkononi kama mkate uliolowa. Kwa masika matatu ndani ya karavani hii kuukuu, kinyumba cha magurudumu walichokifanya maskani, mumewe, Kaimu, alikuwa na neno moja tu: unyevu unaletwa na mvuke wa chai yako. Naye akaamini. Akatoa jiko nje, akawa anapika mvuani kajifunika gunia.

Sasa, pale ubao ulipotoka, aliona matundu manne ya skrubu yaliyopenya hadi juu ya paa, yamezungukwa na kutu. Aliyajua. Hapo ndipo Kaimu alipofunga antena, akaja kuing'oa siku walipouza televisheni. Hakuziba hata moja.

Kaimu akachungulia mlangoni. "Umeona sasa, Mama Nuru, chai yako ilivyoozesha mbao?"

"Baba Nuru, antena yako ilikuwa imefungwa wapi?"

Akatazama juu. "Ni vitundu vidogo tu."

"Masika matatu nimepikia mvuani."

Tausi akampita kama anayepita nguzo, akachukua jiko la mafuta na birika, akarudi ndani na kutia komeo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akawasha jiko, akaketi, matone yakimwangukia begani.

Nje, Kaimu aligonga, akabembeleza, akagonga tena. Kisha akarudi nyuma hatua chache, maji yakimchuruzika shingoni, akiutazama mvuke wa chai ukitokeza kwenye yale matundu manne na kupanda taratibu katikati ya mvua.