Taa ya Ini

Siku hizi samaki wa bwawani haliwi kabla taa ya ini haijammulika. Ini likiwa jekundu, anapikwa. Likiwa la njano, alilishwa mafuta mno, anarudishwa majini afunge. Perege wangu walisharudishwa mara mbili. Mara ya tatu bwawa lingefungwa.

Leo nilisali, nikamulika. Maini yote mekundu! Nilipiga vigelegele mpaka mume wangu Lwitiko akatoka na chapati mkononi.

"Haya, Mama Tumsifu, nimulike na mimi!" alisema, akijifunua tumbo.

Nikammulika huku nacheka. Ini lake lilikuwa la njano kama siagi.

"Vipi, nimefaulu?"

"Umefaulu, Baba Tumsifu," nilijibu, nikimpokonya chapati. "Ila kuanzia kesho tunafunga na kuomba."