Kabati la Bunduki

"Ongeza matundu, fundi. Hayo hayatoshi."

Fundi wa vyuma alizima drili, akapandisha miwani kwenye paji la uso. Miaka yote ya kuchomelea mageti na madirisha, alikuwa hajapata mteja wa kumwambia atoboe kabati jipya mpaka liwe kama chujio la chai.

"Dada yangu, bunduki haipumui."

Yule mama hakucheka. "Chuma kikifungiwa penye joto hutoa jasho. Jasho likileta kutu, mume wangu atauliza nani kaharibu kitu chake. Na nani wa kumjibu? Mimi."

Fundi akameza utani wake, akatoboa.

Redio ya karakana haikuwa na habari nyingine wiki ile. Wabunge walikuwa wakivutana juu ya sheria mpya ya silaha: kila mwenye bunduki aifungie kwenye kabati la chuma, na yeyote aliyewatishia watu wa nyumbani kwake anyang'anywe. Mmoja alipiga meza akasema sheria hiyo imechelewa. Mwingine akadakia kwamba mwanamume hawezi kupokonywa ulinzi wake kwa maneno ya jikoni. Wenzake wakacheka, wakamshangilia.

Fundi aliwasonya. Mwezi uliopita mtaa mzima uliusikia ule mlio kutoka kwenye nyumba ya mama huyu, na mtaa mzima ukakubaliana kuwa ni tairi limepasuka. Yeye mwenyewe alisema ni tairi. Tangu siku hiyo, kila akiwaona watoto wawili wa nyumba ile wakienda shule wameshikana mikono, alitazama pembeni.

Ndiyo maana kazi hii aliifanya kwa moyo. Mama alitaka bamba nene kuliko yote, akampa lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya mlango wa ghala. Alitaka upana wa magunia mawili yaliyosimama, akampa.

"Shemeji ana bunduki moja au ana jeshi?"

"Leo moja. Ya kesho nani ajuaye?"

Alitaka na kona za ndani zisagwe mpaka zilainike. Mama akazipitia mwenyewe kwa kiganja, moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

Jioni moja mume akapita. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, mwenye kusalimia wote. "Fundi, nasikia mke wangu ananijengea jela!"

Akacheka. Fundi naye akacheka, maana yule hakuwa mtu wa kumwacha acheke peke yake.

Mume akaligonga kabati kwa vifundo vya vidole. "Zuri. Askari wakija walione. Ila mimi kitu changu hulala chini ya mto, na hapo hakitoki. Funguo nitakaa nazo mimi."

"Ni zako zote, baba watoto," mkewe alijibu, macho chini.

Alipokwenda zake, fundi alinong'ona, "Usijali, dada. Sheria ikipita, kitalala humu, atake asitake."

"Inshallah," alisema mama.

Siku ya kulipeleka, mume alikuwa kazini. Vijana wa mkokoteni walilishusha mlangoni, wakaondoka. Fundi na mama wakalisukuma ndani, kidogo kidogo, mpaka mama akaonyesha chumba chenye vitanda viwili vidogo.

Fundi akasimama. "Chumbani kwa watoto? Dada, umerogwa? Bunduki na watoto?"

"Sukuma, kaka yangu. Tafadhali."

Akasukuma, lakini moyo haukutulia. Kabati likakaa ukutani, mbali na dirisha. Wakati anajipangusa jasho, simu ililia mfukoni: mwenzake wa karakana, amesikia matokeo ya bunge. Fundi akasikiliza, uso ukamchangamka, kisha ukapoa nusu.

"Kifungu cha kabati kimepita, dada! Kila bunduki ifungiwe. Ila kile cha kunyang'anya wanaotishia..." Akakohoa. "Hicho wamekikataa. Lakini wewe umeshaitangulia sheria. Wangekuwa wote kama wewe!"

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda kimoja, akalikunjua shuka lililokwishakunjwa vizuri, akalikunja upya.

Fundi akatoa kitasa na funguo zake. "Haya. Nikifunge juu au katikati?"

"Hicho kibandike popote, ila kisishike. Ni cha kuonwa na baba yao."

Akanyanyua godoro, akatoa komeo jipya, nene, akamwekea fundi mkononi.

"Hili ndilo la kazi. Lifunge kwa ndani. Chini kabisa, yule mdogo alifikie."