Kiatu cha Zamu

Mke wangu ni nesi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajalala hata saa moja, simu yake ikalia. Nikaipokea mimi.

"Mwambie arudi wodini, mwenzake hajatokea," akasema msimamizi wake, bila hata salamu.

"Amelala. Tafuta mwingine."

"Baba, sijaomba maoni yako."

Kabla sijamtukana, simu ikanyakuliwa mkononi mwangu. "Nakuja, Sista," mke wangu akasema, macho mekundu kama pilipili. Akafungua biskuti, akashushia na soda iliyolala. Ndicho chakula chake siku hizi, na ndiye anayewafundisha wagonjwa wa presha namna ya kula.

"Hutoki," nikamwambia.

"Kumbe! Wagonjwa utawahudumia wewe?"

Akakaa kitandani avae viatu. Miguu ilikuwa imevimba, alama ya soksi imezama kwenye nyama kama iliyokazwa kwa waya. Akasukuma, akavuta, kiatu kikagoma. Nikashusha pumzi. Sasa atalala, nikajua.

Akaenda jikoni, akarudi na kisu. Akaanza kukipasua kiatu ubavuni, taratibu, kama anayefungua bandeji ya mtu.

Nikamnyang'anya kile kiatu, nikatoka nacho uani, nikakirusha juu ya bati. Jirani aliyekuwa akianika nguo akaangua kicheko.

Mke wangu akanifuata peku, akichechemea, kisu bado mkononi.

"Lete ngazi," akasema.