Mashine Ilipozimika

Umeme ulikatika, mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza. Fundi Kibwana aliendelea kuigonga fremu ya kaboni ya baiskeli kwa sarafu, akitega sikio. Kwingine kote ililia ko, ko. Chini ya kiti ikalia pu, hafifu mno.

"Imepasuka kwa ndani," alimwambia Siwema, aliyejitoa mashindanoni asubuhi hiyo. "Usiipande."

"Lakini fundi, jana uliigonga, ukasema nzima!"

Fundi akageuka kuitazama mashine iliyonyamaza. Jana mashine ilinguruma kutwa. Aligonga fremu kumi na mbili za washindani, akazipitisha zote, ya bintiye Mwajabu ikiwemo.

Huko mlimani filimbi ikalia. Waendesha baiskeli walikuwa wameanza kuteremka.

Fundi akatoka mbio hadi barabarani, sarafu mkononi, akatega sikio.

Umeme ukarudi. Mashine ikaanza kunguruma.