Mistari Mitano ya Kima

Mama Mhanga alikuwa akipepeta kumbikumbi Kima alipomjia na habari: mfereji wa kukinga mashimo yao na mafuriko umechelewa, na mawingu yameshatanda.

“Mumeo ametuangusha, mama. Kazi nimeipanga vizuri pale jabalini, mstari kwa mstari. Njoo ujionee.”

Alikwenda na ungo wake mkononi. Mistari ya mkaa ilikuwa mitano, kila mmoja kipande cha mfereji, na kwenye yote ulichorwa ukucha, alama ya mumewe.

“Na Ngiri je? Na Nungunungu?”

“Hao ni walalamishi. Mhanga hakatai kazi.”

“Hakatai, lakini mikono yake ni miwili. Leo siku ya nne chakula chake kinalala bila kuliwa. Mimi alama ninayoisoma ni hiyo.”

Akalowanisha kiganja, akafuta ukucha kwenye mistari minne, akaigawa upya: Ngiri, Nungunungu, Sungura, Kima.

“Mimi ni mwandishi,” Kima alisema.

“Mwandishi mwenye mikono. Shuka mferejini.”

Mvua ilipoanza jioni ya pili, maji yalifuata mfereji yakapita kando. Mama Mhanga akapakua kumbikumbi, akahesabu: watoto watatu, baba yao, na Kima mwenye udongo kwenye kucha, anakula. Hakukosekana mtu.